Mbuzi wa Azazeli na Neno "Scapegoat"

Mara nyingi mimbarani husikika kwamba mtu aliyetwikwa makosa ya wengine "amefanywa mbuzi wa kafara". Msemo huo umekuwa tafsiri ya kawaida ya neno la Kiingereza "scapegoat", nasi twaona yafaa kulichunguza neno lenyewe.

Ni neno ambatani: "scape", ufupisho wa "escape", yaani kuponyoka, na "goat", yaani mbuzi. Aliliunda William Tyndale katika tafsiri yake ya Vitabu Vitano vya Musa, iliyochapishwa mwaka 1530. Alipofika Walawi 16 alilisoma neno la Kiebrania azazel kana kwamba ni maneno mawili: ez, mbuzi, na azal, kwenda zake. Hakuwa wa kwanza. Septuaginta na Vulgata zilikwisha kumtaja mbuzi apelekwaye mbali, na Luther aliandika "der ledige Bock", mbuzi aliyeachiliwa. Biblia yetu ya Union Version imeliacha kuwa jina, Azazeli. Twaona ilifanya vema, kwa maana kura moja ni ya Bwana, na ya pili yadai jina mkabala wa jina.

Ni kweli kwamba mstari wa 5 wawahesabu mbuzi wote wawili kuwa sadaka ya dhambi. Lakini achinjwaye ni yule wa Bwana. Huyu wa pili hupelekwa nyikani akiwa hai. (Mishna yasimulia kwamba nyakati za Hekalu la Pili alisukumwa gengeni, Walawi haisemi hivyo.) Tena hakuna amshtakiye. Haruni aweka mikono yote miwili juu yake na kuungama dhambi za Israeli, si za mbuzi. Maana ya kusingiziwa iliingia katika Kiingereza karne ya 19 tu.

Hapo ndipo msemo wetu unapotutia mashaka. Kijiji kinapomshtaki bibi kizee kwa uchawi kwa sababu mtoto amefariki, hakiungami lolote, chashtaki. Tukimwita bibi huyo mbuzi wa kafara, twauvika uonevu vazi la kuhani. Vivyo hivyo mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani hapa Songea tarehe 27 Februari 1906: hao waliuawa kwa vita vyao wenyewe, hawakubeba hatia ya mtu. Na kwa bibi kizee, mhubiri aseme waziwazi kwamba amesingiziwa, na awataje wanaopaswa kuungama.