Si Kila Kiungo Kilichopooza Kimelegea

Lugha yetu ni tajiri wa majina ya maradhi, lakini pana mahali inapotupotosha. Tunasema mtu amepooza, na kwa neno hilo moja tunataja hali mbili zinazopingana. Kuna mguu uliolegea, ambao ukiinuliwa na kuachwa huanguka kama kamba. Na kuna mguu uliokakamaa, ambao ukijaribu kuukunja hukataa. Neno pooza, tunalolitumia pia kwa tunda lililonyauka kabla ya kuiva, lausadifu ule wa kwanza. Wa pili haukunyauka: misuli yake inajikaza kupita kiasi.

Nayasema haya kwa kuwa nimeona madhara yake. Huku kwetu, kati ya Kitale na Bungoma, mtu akipatwa na kiharusi aghalabu huitwa mkandaji. Ndivyo ilivyokuwa kwa shangazi yangu kule Bungoma. Mkandaji, mtu mwema mwenye mikono ya chuma, aliushika mkono uliojikunja kifuani akauvuta ghafla ili aunyoshe. Ukajikunja zaidi. Akaongeza nguvu, nao ukaongeza. Jamaa waliokuwapo walisema kwamba ugonjwa ule una kiburi.

Kiburi hicho kina maelezo. Ndani ya misuli mna vipokezi vidogo, vyembamba nchani na vinene katikati, ambavyo kazi yake ni kupima urefu wa msuli na kasi ya kunyooshwa kwake. Msuli ukivutwa ghafla, hupeleka habari kwenye uti wa mgongo kwa njia ya neva, na huko amri hurudishwa papo hapo kwa msuli ule ule: jikaze! Ubongo hausubiriwi. Ndiyo maana daktari akigonga chini ya pia ya goti, mguu hurushwa mbele kabla mwenyewe hajaamua lolote. Erb na Westphal, madaktari wa Ujerumani, walilieleza jambo hilo mwaka 1875. Na mwaka 1924 Liddell na Sherrington wa Uingereza wakaonyesha kuwa kiini chake ni kule kunyooshwa kwa msuli. Msomaji aliyewahi kusimama ndani ya basi linaloyumba kutoka Kitale kwenda Webuye amefaidika na itikio hilo bila kujua.

Kwa mtu mzima wa afya, ubongo hulitia itikio hili hatamu. Kiharusi, jeraha la uti wa mgongo, malaria ya ubongo, au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa huweza kuzikata hatamu hizo. Mara nyingi baada ya kiharusi kiungo hulegea kwanza, kisha baada ya siku au majuma huanza kukaza. Mwaka 1980 Lance, daktari wa Australia, aliifanya kasi kuwa msingi wa kuifafanua hali hii: kadiri unavyouvuta msuli upesi, ndivyo unavyokataa. Ukiunyosha polepole, ukautuliza hapo kwa muda, huregeza ukaidi. Mkandaji wetu hakukosa nguvu, alikosa subira.

Lakini nisieleweke kwamba kiungo kiachwe kwa huruma. Mkono uliokaa umekunjwa kwa miezi hufupika misuli na kano zake zenyewe, na hapo tatizo si la neva peke yake tena.

Nawaonea wivu wasemaji wa Kiyaka wa Kwango, nchini Kongo. Wanao ugonjwa unaokakamaza miguu yote miwili, uletwao na muhogo mchungu usioondolewa sumu vizuri, kwa watu wenye lishe duni. Wao waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa, na daktari Trolli akaliandika jina hilo mwaka 1938. Ugonjwa huo ulizuka pia Tarime, Tanzania, wakati wa ukame wa 1985. Iliyofungwa, si iliyonyauka! Sisi neno ukakamavu tumewapa mashujaa, na mkazo tumeuchukua sisi wanaisimu. Hata hivyo kitenzi kipo: tuseme mkono umekakamaa, au umelegea, na mhudumu atajua la kufanya.

Walimu wana haja kubwa zaidi ya tofauti hii. Mtoto aliyeumia ubongo tangu kuzaliwa, akikemewa au akiharakishwa, vidole vyake hufumba zaidi. Baridi na maumivu hufanya vivyo hivyo. Huo si ukaidi wa mwanafunzi. Mwalimu anayembandua vidole kwa haraka ili ampachike kalamu anaupigia msuli goti. Amkalishe kwanza, makalio yafike nyuma ya kiti na nyayo zikanyage chini, ndipo aufungue mkono taratibu. Kalamu nene hushikika vyema kuliko nyembamba. Na gunzi la mahindi, ambalo Trans-Nzoia haina uhaba nalo, likitobolewa katikati na kalamu ikapenyezwa humo, latosha.