Mwaka Mpya: Chagua Jambo Moja, Liandike, Lihesabu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mliokaa mbali na redio, sogeeni karibu. Wekeni daftari mbele yenu na kalamu mkononi. Ninyi ambao hamkuwahi kusikiliza, someni polepole maneno haya yaliyopigwa chapa. Ni yale yale.

Siku chache zijazo mwaka utakwisha, na mwingine utaingia. Wengi wetu tutasema, "Mwaka huu nitabadilika." Huyu atasema ataacha pombe. Yule atasema atajenga nyumba. Mwingine atasema atalima zaidi, atalipa madeni, atanunua mbuzi na atasomesha watoto, yote kwa mwaka mmoja. Mkute mwezi wa tatu, umwulize habari za maneno yake. Atacheka tu. Hakumbuki hata alisema nini.

Je, mtu huyu ni mvivu? La. Huenda ni mtu wa kazi sana. Kosa lake ni kwamba alitamani, lakini hakupanga. Kutamani na kupanga si kitu kimoja. Leo tutajifunza tofauti yake.

KUCHAGUA

Mwezi wa Mei mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, alitoa hotuba juu ya Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Hotuba hiyo ilijulikana kwa jina la Kupanga ni Kuchagua. Jina hilo likapewa pia masomo ya redio, yaliyosikilizwa na vikundi vya watu wazima.

Tazameni maneno hayo matatu. Anayepanga huchagua, na anayechagua moja huacha jingine. Hapo ndipo penye ugumu. Kutaja mambo kumi tunayoyataka ni rahisi. Kutaja tisa ambayo mwaka huu hatutayafanya ni kazi nzito. Lakini wazee walikwisha sema: mshika mawili, moja humponyoka. Akishika kumi je?

Mkesha wa mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alizungumza na wananchi kwa redio. Alitangaza kwamba mwaka unaoingia utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Shida za nchi zilikuwa nyingi, lakini mwaka ule ulipewa jambo lake. Kisha zikachaguliwa wilaya sita, miongoni mwao Mafia iliyo baharini na Ukerewe iliyo katika Ziwa Victoria. Zikapewa tarehe: mwisho wa mwaka 1971 ujinga wa kutojua kusoma uwe umefutwa.

Basi oneni namna ya mpango. Jambo moja. Mahali panapojulikana. Siku ya kuhesabu.

KUANDIKA

Sasa turudi nyumbani kwako. Tuseme wewe ni mama mwenye kuuza maandazi. Kila mwezi wa Januari unahangaika, kwa sababu shule zinafunguliwa, na mtoto anahitaji sare, viatu na madaftari. Kila Januari unakopa. Mwaka huu umechagua jambo moja: Januari ijayo sitakopa.

Andika katika daftari unachohitaji. Tuseme ni shilingi 180,000. Fedha hizo ni nyingi, nazo zinatisha. Usiogope. Zigawe. Mwaka una majuma 52. Ukiweka shilingi 3,500 kila juma, baada ya majuma 52 utakuwa na shilingi 182,000. Na hizo 3,500 kwa juma ni shilingi 500 kwa siku. Sasa lile jambo kubwa limekuwa dogo. Limekaa mkononi mwako, nawe unaweza kulijibu kila jioni: leo nimeweka, au leo sikuweka.

Tuseme wewe ni mkulima. Mkulima hapati fedha kila siku, kwa hiyo mpango wake ni mwingine. Sehemu nyingi mahindi huwa rahisi wakati wa mavuno, kwa kuwa kila mtu anauza. Miezi michache kabla ya mavuno mapya huwa ghali, kwa kuwa kila mtu ananunua. Mtu huuza kwa bei ndogo chakula alichokilima mwenyewe, kisha akanunua kile kile kwa bei kubwa. Hasara hiyo hailetwi na mvua wala na wadudu.

Ikiwa nyumba yenu hula debe moja kwa juma, miezi mitatu ya shida ni majuma 13. Basi mnahitaji madebe 13. Andika hivi: "Madebe 13 hayauzwi." Yakaushe vizuri, yahifadhi mbali na unyevu na wadudu, na waonyeshe watu wa nyumbani mahali yalipo. Mpango wa nyumba usiwe siri ya baba peke yake, wala ya mama peke yake. Akijua mmoja tu, mwingine atauvunja bila kukusudia.

Kwa nini tunasisitiza kuandika? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kichwa husahau, tena husahau kwa upendeleo. Hukumbuka siku tulizoshinda, na huficha siku tulizoshindwa. Daftari halina upendeleo. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Usiiache kazi hiyo darasani. Ipeleke nyumbani.

KUHESABU

Usingoje Desemba ndipo uhesabu. Watu wa pwani walilijua jambo hili tangu zamani. Walianza kuhesabu tangu Siku ya Mwaka, iitwayo pia Nairuzi, ambayo mpaka leo husherehekewa Makunduchi, Unguja, mwezi wa Julai. Waligawa siku katika mafungu ya kumi kumi, na kila fungu waliliita mwongo. Miongo 36 na siku tano ndiyo mwaka. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda, na baharia alijua wakati wa kusafiri. Hawakuungoja mwaka wote upite ndipo waulize wamefika wapi.

Fanya vivyo hivyo. Chagua siku moja katika kila mwezi, ufungue daftari na uhesabu. Ukiona umepungukiwa, tafuta sababu. Je, mtoto aliugua? Hiyo si aibu. Ongeza kidogo miezi inayofuata. Je, fedha zilikwenda kwenye starehe? Andika hivyo hivyo, usijidanganye. Na kama kiasi ulichochagua kilikuwa kikubwa mno kwako, kipunguze, lakini usiache. Anayeweka 200 kila siku amemshinda aliyeapa kuweka 1,000 akaacha siku ya tano.

Hata ile kazi ya wilaya sita haikutimia yote kwa tarehe iliyowekwa. Je, watu walivunja madarasa? Hawakuyavunja. Mwaka 1971 TANU ikaamua kwamba nchi nzima ifanye kazi hiyo hadi mwisho wa mwaka 1975. Mwaka 1967, zaidi ya watu wazima 6 katika kila 10 hawakujua kusoma. Mtihani wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba waliobaki ni karibu 4 katika kila 10. Mwaka 1986 walikuwa karibu 1 tu. Lakini madarasa mengi yalipolegea, idadi ilipanda tena. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2002, walikuwa kiasi cha 3 katika kila 10. Haya nayo ni mafundisho. Kazi isiyohesabiwa tena hurudi nyuma, hata kama ilikwisha fanikiwa.

Ndugu zangu, mwaka mpya hauleti kitu mkononi. Ni kama kibaba kitupu. Haba na haba ndiyo hukijaza, na wa kutia ni wewe.

KAZI YA DARASA

1. Taja mambo matatu unayoyataka mwaka ujao. Futa mawili. Eleza kwa nini umeliacha lile moja.
2. Liandike kwa sentensi moja yenye hesabu na tarehe.
3. Gawa hesabu hiyo kwa miezi, kisha kwa majuma.
4. Msomee mtu mmoja wa nyumbani kwako, na mchague pamoja siku ya kuhesabu.

Tukutane katika somo lijalo. Njoni na daftari. Kwaherini.