Uzi: Mgombea ubunge akikuahidi zahanati, msikilize mara mbili

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani, Kilifi, kwenye mazishi ya jirani. Mnajua mambo yalivyo huko mashinani: kaburi halijafukiwa, kipaza sauti kishafika mikononi mwa mwanasiasa. Huyu wa siku hiyo anataka ubunge 2027. Akatoa pole, akatoa bahasha ya familia, halafu akasema akipewa kura, wodi ya akina mama kujifungulia pale zahanati ataijenga mwaka wa kwanza. Vigelegele! Hata mamangu alipiga makofi. Mimi nikamwangalia tu.

Nilimwangalia kwa sababu nakumbuka 2017. Ahadi ilikuwa hii hii, mgombea mwingine. Tukampa kura. Mwaka uliofuata dadangu akashikwa na uchungu saa mbili usiku, na zahanati yetu hufungwa jioni. Tulimpakia kwenye bodaboda, mamangu akakaa nyuma akimshikilia, wakapigwa na vumbi mpaka hospitali ya mbali. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi. Mbunge tulimtukana miaka mitano mizima, na 2022 tukamwangusha.

Siku hiyo hiyo, kwenye foleni hiyo hiyo, tukamrudisha MCA wetu bila kumuuliza swali hata moja.

Sasa tuelewane. Sisemi yule mbunge alikuwa malaika. Alidanganya, na nitarudi kwake. Lakini zahanati si kazi ya mbunge. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, uone kazi zilivyogawanywa. Serikali ya kaunti ndiyo yenye zahanati na vituo vya afya, barabara za kaunti, maji, soko, kilimo cha mashinani, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali ya kitaifa imebaki na shule za msingi na sekondari, polisi, barabara kuu na hospitali kuu za rufaa. Muuguzi wa zahanati yetu ameajiriwa na kaunti. Akikosekana usiku, maswali ni kwa gavana na waziri wake wa afya wa kaunti, na mwenye kazi ya kuwabana hao ni MCA katika bunge la kaunti.

Ukimwambia mamangu haya atakubishia, na ana sababu. CDF ilianza 2003, wakati hakuna kaunti. Zahanati ngapi, visima vingapi, majosho mangapi ya ng'ombe yalijengwa na pesa hizo? Watu waliona kwa macho yao mbunge "akijenga". Ugatuzi ulipoingia 2013, kazi zikahama, ila kichwani mwetu hazikuhama, na wagombea wanajua hivyo vizuri kabisa. Sheria ya NG-CDF ya 2015 inasema pesa hizo ziende kwa kazi za serikali ya kitaifa tu, ndiyo maana siku hizi unaona madarasa, bursari, vituo vya polisi na ofisi za chifu. Hata hizo zinapitia kamati ya eneobunge, si mfuko wa suruali ya mheshimiwa. Na mfuko wenyewe umekuwa na kesi juu ya kesi: Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hivyo kuhusu ile ya 2015. Kwa hiyo mtu akijenga kampeni yake yote juu ya CDF, anajenga nyumba kwenye kiwanja chenye kesi.

"Kwani mbunge hawezi kumpigia gavana simu?" Nilijua mtauliza. Anaweza, na wengine hufanya hivyo vizuri sana. Basi aseme hivyo: nitamsukuma gavana. Akisema "nitajenga" anakuuzia kitu kisicho chake.

Kazi ya mbunge iko kifungu cha 95. Atunge sheria, agawe pesa za serikali ya kitaifa, asimamie matumizi yake, atuwakilishe. Inasikika kavu, najua. Hakuna anayepigiwa vigelegele mazishini kwa kusema "nitasoma ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu." Lakini hapo ndipo maisha yetu yanapokatwa vipande. Ukiwa na payslip, angalia ile asilimia 2.75 ya mshahara inayokwenda bima ya afya. Hiyo ni sheria ya 2023 iliyopita Bungeni, na mbunge wako alikuwa na kura. Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakiwa barabarani, na kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Mimi siku hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani nilimtafuta mbunge wangu kwenye orodha ya waliopiga kura. Nina kitambulisho tangu zamani jameni. Aibu ni yangu.

Sasa rudi kwenye wodi ya akina mama, maana mbunge anaigusa kweli, ila si pale anaposema. Kila mwaka kuna mswada wa kugawa mapato kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Katiba inasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa Bungeni. Juu ya hapo ni kuvutana. Mwaka 2019 Seneti ilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 335, Bunge la Taifa likang'ang'ania 310, ikaishia 316.5, na hiyo ni Septemba, wakati mwaka wa fedha ulianza Julai. Wabunge waliovuta kamba upande wa kupunguza, wengi wao walikuwa wamekwishaahidi zahanati kwao. Mkono mmoja unaahidi wodi, mwingine unapunguza pesa za kuijenga, na sisi tunaangalia ule wa bahasha.

Ahadi nyingine nitazipitia haraka. "Nitaajiri walimu": walimu huajiriwa na TSC, tume huru. "Nitashusha bei ya unga": yeye ni mmoja kati ya wabunge 349, na mswada wa pesa hausongi bila pendekezo la kamati ya fedha, baada ya kuzingatia maoni ya waziri. Anaweza kuupigania, lakini peke yake hashushi kitu. "Nitaleta lami": muulize barabara gani, ya kaunti au ya kitaifa. Asipojua jibu, umeshajibiwa.

Halafu kuna ile "mimi naamini katika mwananchi wa kawaida." Hii siiwezi. Ni nani amewahi kusimama jukwaani akasema haamini katika mwananchi wa kawaida? Imani ya mgombea utaijua akilazimika kuchagua kati ya vitu viwili. Kaunti ziongezewe pesa au zipunguziwe? Serikali ikikosa pesa, ipandishe ushuru, ikope, au ikate safari za wakubwa? Chama kikimwambia apige kura kinyume na nyinyi, atafanya nini? Kama amewahi kuwa Bungeni hakuna haja ya kubahatisha, Hansard iko wazi mtandaoni, kila neno lake liko humo. Wengine utakuta hawana neno.

Mtaniambia mgombea atakayesema ukweli huu atashindwa na mwenye bahasha. Inawezekana. Yule wa 2017 angesema "zahanati si kazi yangu," sisi wenyewe tungemzomea. Nusu ya uongo ule tuliuagiza.

Nilimfuata huyu wa mazishini akiingia kwenye gari. Nikamuuliza kwa heshima: mheshimiwa mtarajiwa, ukiingia Bungeni na mswada wa kugawa mapato ukaletwa, utapiga kura kaunti ziongezewe? Akacheka, akanishika bega, akaniuliza kama mimi ni wakili. Halafu kioo kikapanda.

Jioni mamangu akauliza, "Haya, sasa tumuulize nani?" Nikamweleza. Kila mwaka, kabla ya Septemba 1, kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo bunge la kaunti, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Wodi isipoingia humo, haiingii kwenye bajeti. Tukaandika barua kwa MCA, nakala kwa karani wa bunge la kaunti: zahanati ifunguliwe usiku, muuguzi wa pili, wodi ya kujifungulia. Dadangu ndiye wa kwanza kutia sahihi, akafuata mamangu, na majirani 41. Imepokewa na kugongwa muhuri Jumatatu. Akijibu, nitaendeleza uzi hapa hapa.