Bangili za Pembe za Bonde la Limpopo

Anayetaka kujua kama watu wa kale walichonga pembe za ndovu au waliziuza tu, asianze na bangili inayong'aa ndani ya kabati la makumbusho. Aanze jaani. Bangili husafiri: huvaliwa, hutolewa mahari, huweza kuzikwa mbali sana na ilikotengenezwa. Vibanzi vya pembe haviendi popote. Hubaki palepale alipoketi fundi.

Vibanzi hivyo vimefukuliwa karibu kilomita 500 kaskazini ya Johannesburg, kwenye bonde ambako mito ya Limpopo na Shashe hukutana, mpakani mwa Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe. Katika karne ya 10 palikuwa na mji wa Schroda. Baadaye ukaja K2, uliodumu takriban mwaka 1000 hadi 1220, kisha watawala wakahamia mlima wa Mapungubwe. Mapungubwe ndiyo yenye jina, kwa sababu ya yule kifaru mdogo wa dhahabu aliyepatikana miaka ya 1930. Kwa maoni yangu kifaru huyo amewafunika wenzake mno. Kabla dhahabu haijawa na thamani kubwa katika bonde hilo, mali iliyowaunganisha wakazi wake na bahari ilikuwa pembe.

Na kazi ya pembe ni ya zamani zaidi ya hapo. Huko KwaZulu-Natal, kwenye vijiji vya wakulima vya KwaGandaganda, Wosi na Ndondondwane, mabaki ya uchongaji ni ya karne ya 7 hadi ya 10. Mwaka 2016 mwanaakiolojia Ashley Coutu na wenzake walichapisha matokeo ya kuyapima. Protini iliyosalia ndani ya kibanzi humtaja mnyama, hata kama umbo lote limepotea. Kaboni huonyesha kama alikula zaidi nyasi au majani ya miti. Strontiamu hufuata aina ya miamba ya nchi alikolisha. Ikabainika kwamba ndovu wale hawakutoka mahali pamoja. Pembe zilikusanywa kutoka mazingira mbalimbali, zikaletwa kwa mafundi.

Fundi mwenyewe alianza na umbo alilolikuta. Pembe ya ndovu ina uwazi upande wa shina, kwa hiyo ukiikata kwa mkingamo unapata pete iliyo karibu tayari. Kilichobaki ni kuchonga ukingo, kusawazisha na kung'arisha. Ncha haina uwazi, nayo hufaa vitu vingine. Ugumu ni kwamba pembe hukua kwa matabaka, na ikikauka upesi matabaka hayo huachana na kupasuka. Ndiyo maana wahifadhi wa makumbusho ya huku Highveld, ambako baridi ya Juni huja na hewa kavu, huulinda sana unyevu wa kabati zao.

Pembe za ziada zilielekea pwani. Chibuene, karibu na Vilanculos nchini Msumbiji, ilikuwa miongoni mwa bandari zilizopokea shanga za kioo kutoka ng'ambo ya bahari, na shanga hizo zimejaa Schroda na K2. Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu aliyefika pwani ya Wazanji, yaani Afrika Mashariki, mwaka 916, aliandika kwamba pembe zilipelekwa Oman, na kutoka huko India na China. Wahindi, alisema, walizitengenezea mipini ya majambia na vipande vya sataranji.

Mbali kaskazini mwa dunia hali ilikuwa tofauti. Wawindaji wa Mlango wa Bering, yapata miaka 2,000 iliyopita, walichonga meno ya walrasi, mnyama mkubwa wa baharini. Walitengeneza vichwa vya chusa na vizani vyenye umbo la mabawa vya kusawazisha mpini wake, wakavijaza duara na mistari myembamba ajabu. Pambo lilikuwa juu ya silaha ileile iliyowalisha. Bondeni Limpopo pambo lilivaliwa mkononi. Ila watu wa pande zote mbili walikuwa mafundi, na hilo ndilo husahaulika tunapozungumzia bara la Afrika kana kwamba kazi yake ilikuwa kuua ndovu na kubeba mzigo hadi pwani. Siwa ya Pate, baragumu ya sherehe iliyochongwa kwa pembe, inaonyesha kwamba hata pwani yenyewe haikuwa ghala tu.

Msomaji wa Johannesburg huenda akaonyeshwa sokoni "pembe ya kale". Mfupa huwa na vitundu vidogo vyeusi. Pembe ya ndovu, ikikatwa kwa mkingamo, ina mistari inayopishana, na kwenye tabaka la nje mistari hiyo hukutana kwa kona zinazozidi nyuzi 115. Kwenye pembe za mamothi wa Siberia kona hizo huwa chini ya nyuzi 90. Plastiki haina mpishano huo. Lakini ikiwa kitu ni cha kale kweli, usikinunue. Kwa Sheria ya Urithi ya Taifa namba 25 ya mwaka 1999, vitu vya akiolojia vya Afrika Kusini ni mali ya serikali, na kuvifukua au kuviuza bila kibali ni kosa. Bangili iliyong'olewa ardhini bila vibanzi vyake haiwezi tena kutuambia ilichongwa wapi.