Mchoro Hauonyeshi Swali Lililosahauliwa

Mteja wa M-Pesa nchini Tanzania akipiga *150*00# ili atume pesa, hupita kwenye menyu fupi za maandishi: huchagua huduma, huandika namba ya mpokeaji, kiasi na namba ya siri, kisha huthibitisha. Menyu za namna hii hupita kwenye USSD, njia ya mtandao wa simu ya kubadilishana maandishi papo kwa papo, ambako ujumbe mmoja haubebi zaidi ya herufi 182. Tena, tofauti na SMS, ambayo mtandao huihifadhi mpaka simu ya mpokeaji ipatikane, USSD huishi pale tu mawasiliano yanapokuwa wazi. Chukua basi huduma yoyote ya aina hii, na tuseme mawasiliano yamekatika mara tu mteja alipothibitisha, kabla jibu halijamfikia. Pesa imekwenda au haijakwenda? Akipiga tena na kurudia hatua zilezile, mfumo utatuma mara ya pili, utakataa, au utamuuliza kwanza? Wa kulijibu swali hilo ni msanifu, na mahali pa kulijibu ni kwenye andiko la usanifu. Asipolijibu, msanidi programu atalijibu peke yake akiwa anakimbizana na tarehe ya kukabidhi kazi, na uamuzi wake utawafikia wateja wote bila kujadiliwa na yeyote.

Ndiyo maana naona timu nyingi huanza vibaya zinapotafuta programu ya kuandikia maelezo ya mwingiliano. Hulinganisha ubora wa michoro, wepesi wa kuunganisha skrini kwa mishale, idadi ya watu wanaoweza kuhariri kwa pamoja, na bei. Yote hayo yana maana, lakini kipimo cha kwanza kilipaswa kuwa kingine: je, chombo hiki kitanionyesha nilichosahau? Mwanasayansi wa kompyuta David Harel alikutana na tatizo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipoitwa kuwashauri wahandisi wa mifumo ya ndege ya kivita ya Lavi huko Israeli. Wahandisi wale waliijua kazi yao vizuri, na walikuwa na nyaraka nene kwelikweli. Hata hivyo, swali jepesi la nini hutokea rubani akibonyeza kitufe fulani ndege ikiwa katika hali fulani liliwasumbua, kwa sababu jibu lilikuwa limetawanyika kurasa mbalimbali au halikuwepo kabisa. Waliandika kwa wingi, ila mpangilio wa maandishi yao haukuwa na uwezo wa kufichua pengo.

Mpangilio wenye uwezo huo upo, nao ni wa kawaida sana: jedwali. Safu za kulala ziwe hali ambazo huduma inaweza kuwamo, na safu za kusimama ziwe matukio yanayoweza kuipata. Kwa mfano wetu wa kutuma pesa, hali ni saba: kuchagua huduma, kuandika namba, kuandika kiasi, kuandika namba ya siri, kuthibitisha, kusubiri, kukamilika. Matukio tuyaweke sita: mteja ajibu sawasawa, akosee, anyamaze mpaka muda uishe, afunge mwenyewe, mawasiliano yakatike, mfumo ukatae kwa kuwa salio halitoshi. Tumepata visanduku 42. Mchoro wa skrini wa huduma hiyohiyo ungekuwa na visanduku saba na mishale sita, na ungeonekana umekamilika. Mishale hiyo inajibu visanduku sita tu vya jedwali; vingine 36 ndimo kazi ngumu ilimojificha. Baadhi yavyo vitajazwa kwa maneno mawili, “haiwezi kutokea”, lakini hata hilo ni tamko ambalo mtu ameliwaza na anaweza kuulizwa. Kisanduku kitupu humkodolea macho kila anayefungua faili, wakati mshale ambao haukuchorwa hauonekani na mtu.

Mtu aweza kunipinga kwa kumtumia Harel huyohuyo. Yeye alianza kwa kuandika tabia za ndege kwa maandishi yenye mpangilio, akaona wahandisi wanamwelewa haraka zaidi anapochora, na mwaka 1987 akachapisha mfumo wake wa michoro ya hali. Hoja hiyo ina uzito, na sina ugomvi na michoro. Lakini alichokichora Harel ni hali na matukio, si sura ya skrini. Alibuni pia namna ya kuweka hali ndogo ndani ya hali kubwa, ili tukio linaloweza kutokea popote, kama kukatika kwa mawasiliano, lichorwe mara moja tu. Jedwali likikua mpaka visanduku mia kadhaa, mchoro wa namna hiyo unafaa kuliko jedwali. Kwa huduma ndogo, jedwali linatosha, na kila mtu kwenye timu anajua kulijaza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwa nini kuandika, wakati programu za leo hutengeneza mfano unaobonyezeka? Mfano huo ni mzuri wa kumwonyesha mteja na kupima kama njia inaeleweka. Udhaifu wake ni kwamba hauwezi kusema lipi ndani yake limekusudiwa na lipi limetokea tu kwa sababu ya chombo kilichoutengeneza. Msanidi akiona skrini inachelewa kidogo, hajui kama aige ucheleweshaji huo. Na njia ambayo msanifu hakuiwaza, mfano nao hauna. Wako pia wanaotaja ilani ya Agile ya mwaka 2001, iliyotanguliza programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka ndefu. Ilani hiyo haikufuta nyaraka. Ilikiri wazi kwamba zina thamani. Na jedwali la visanduku 42 hukaa kwenye ukurasa mmoja.

Lipo pia suala la uhai wa programu zenyewe za kuchorea skrini. Fireworks ya Adobe iliachwa kuendelezwa mwaka 2013. InVision, ambayo miaka michache nyuma ilikuwa chombo cha kila siku cha wasanifu wengi, ilifungwa mwishoni mwa 2024. Adobe ilitangaza mwaka 2022 kuinunua Figma kwa dola bilioni 20, na Desemba 2023 mpango ukavunjika. Kwa zaidi ya mwaka mzima watumiaji hawakujua chombo chao kingekuwa mali ya nani. Huduma ya fedha huishi kuliko programu iliyoichora, na anayekuja kuirekebisha miaka kumi baadaye anahitaji kujua kwa nini muamala wa pili ulikataliwa.

Kwa hiyo maamuzi ya tabia yakae kwenye maandishi matupu yenye jedwali, ndani ya hazina ileile ya msimbo, yakitunzwa na Git, mfumo wa kufuatilia mabadiliko ya faili, ili badiliko la tabia na badiliko la msimbo vipitiwe pamoja. Faili ya namna hiyo ina uzito wa kilobaiti chache na hufunguka kwenye kompyuta yoyote, hata pale bando lilipokwisha. Wasiozoea Git watumie lahajedwali ya pamoja. Ni afadhali kuliko kuwafungia nje wapimaji na watu wa huduma kwa wateja, ambao ndio hupokea simu visanduku vitupu vinapoleta madhara. Michoro ya skrini ifanywe kwa programu yoyote ambayo timu inaipenda, ihifadhiwe pia kama PDF au SVG, na kila skrini ibebe jina la hali yake kama lilivyoandikwa kwenye jedwali. Na kabla ya kulipia leseni ya mwaka, timu ichukue mtiririko mmoja tu, iuandike ndani ya chombo kinachopendekezwa, kisha impe mpimaji ambaye hakushiriki kuusanifu aorodheshe maswali ambayo hakuyapatia jibu.