Mzee Aulizwe Mapema, Apumzike kwa Heshima

Mtoto anapotarajiwa nyumbani, maandalizi huanza miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Nguo hushonwa, jina hufikiriwa, mkunga hutafutwa. Lakini mzee wa nyumba hiyo hiyo anapokaribia kuiaga dunia, watu wote hunyamaza. Jambo ambalo kila mmoja analijua halitamkwi na yeyote, kwa kuchelea uchuro. Hatimaye saa hufika, na jamaa hukutwa hawana shauri, hawana dawa, wala hawana neno moja kutoka kinywani mwa mwenyewe la kuwaongoza.

Hali hiyo huzielemea zaidi familia za askari. Mwanajeshi au polisi hafanyi kazi mahali alipozaliwa. Leo yuko Karamoja, kesho yuko mpakani, na wazazi wake wamebaki kijijini mikononi mwa mdogo wake, au wametiwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Habari kwamba baba amezidiwa humfikia kwa simu usiku, naye yuko zamu. Je, apelekwe hospitali kubwa ya mbali, au auguzwe pale alipo? Auzwe ng'ombe wa mwisho kwa ajili ya upasuaji, au mzee aachwe apumzike? Kila ndugu ana rai yake, na mwenye haki ya kujibu hawezi tena kusema. Ugomvi unaozaliwa usiku ule huweza kudumu miaka mingi baada ya matanga.

TIBA SHUFAA NI NINI?

Tiba shufaa ni uuguzaji wa mtu mwenye maradhi yasiyopona, au anayekaribia mwisho wa maisha yake. Nia yake ni kumpunguzia maumivu na dhiki, na kuwasaidia jamaa zake. Haiharakishi kifo, wala haikivuti nyuma kwa nguvu. Hutolewa kwa mwenye saratani, na vilevile kwa mzee ambaye moyo au figo zake zimeshindwa kazi, aliyepigwa na kiharusi, au aliyepotewa na kumbukumbu kwa maradhi ya uzee.

Msingi wake wa siku hizi uliwekwa na Bibi Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi, kisha mhudumu wa ustawi wa jamii, na mwishowe daktari. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayamo mwilini peke yake. Yamo pia katika mawazo yake, katika wasiwasi wake juu ya watoto na madeni, na katika roho yake mbele ya Mungu. Kwa hiyo anayemtibu mwili na kuyasahau mengine amefanya nusu ya kazi.

Nchini Uganda kazi hiyo ilishika mizizi mwaka 1993, Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Matawi yakafunguliwa Mbarara na Hoima. Wauguzi wake huwafuata wagonjwa majumbani mwao, maana wagonjwa wengi hutamani kumalizia siku zao karibu na watu wao. Daktari Merriman alifariki dunia mwaka 2025, lakini wanafunzi wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika.

DAWA YA MAUMIVU MAKALI

Dawa kubwa katika kazi hii ni mofini ya maji, ya kunywa. Unga wa mofini huchanganywa na maji safi kwa kipimo, na hutiwa rangi ili dawa nyepesi isije ikachanganywa na ile kali. Kwa kawaida mgonjwa hunywa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Mwaka 2004 Uganda ilirekebisha kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo, kazi iliyokuwa ya madaktari peke yao. Kwa njia hiyo dawa iliweza kufika hata mahali ambapo daktari ni mmoja kwa watu maelfu.

Watu wengi huogopa mofini, wakidhani humfanya mgonjwa mlevi au humuua upesi. Mofini ikitolewa kwa kipimo sahihi na kwa maumivu ya kweli, haina madhara hayo. Jambo la kuangaliwa ni kwamba hufunga choo, hivyo hupasa kutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Ni dawa ya kuandikiwa na mtaalamu, na chupa iwekwe mbali na watoto. Jamaa asiongeze wala asipunguze kipimo kwa akili yake mwenyewe.

Pamoja na dawa, yako mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya. Mzee asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, ili asipate vidonda vya kulala. Kinywa chake kisafishwe na midomo ilowanishwe. Katika siku za mwisho asilazimishwe kula, kwa kuwa mwili unaofunga kazi yake hauombi tena chakula, na kulisha kwa nguvu humpalia. Aguswe, azungumziwe, aombewe kwa dini yake.

KATIKA NYUMBA ZA WAZEE

Kwa desturi ya Kiafrika mzee hutunzwa na ukoo wake. Hata hivyo wako wasio na watoto, na wako waliofiwa na watoto wote. Ndiyo sababu zimekuwapo nyumba kama ile ya Mapeera Bakateyamba ya Nalukolongo, Kampala, iliyoanzishwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga, na nchini Tanzania makazi ya serikali kama ya Nunge, Kigamboni. Mzee anayeingia katika nyumba ya namna hiyo hukabidhiwa kwa watu wasiomjua tangu ujana wake. Hawajui lipi humtia hofu, wala ni nani angependa aitwe. Asipoulizwa mapema, huenda akapakiwa garini usiku wa manane na kufia njiani, kumbe angetaka kufia kitandani pake, amesikia sala za dini yake.

Kwa sababu hiyo, mzee na aulizwe angali na akili timamu, na majibu yake yaandikwe, yatiwe tarehe, na yahifadhiwe na msimamizi wa nyumba na mmoja wa jamaa. Mambo ya kuulizwa ni haya: ni nani atasema kwa niaba yake akishindwa kusema? Angependa kuuguzwa wapi? Ni matibabu gani anayataka, na ni yapi hayataki tena? Ni nani aitwe, na kiongozi gani wa dini? Azikwe wapi? Mzee aweza kubadili mawazo yake siku yoyote, na maadamu anasema, neno la kinywa chake hupita karatasi.

Maswali haya hayarushwi kama ya kituo cha polisi. Mtoto na aketi chini karibu na mzazi wake, amjulie hali, kisha aseme kwa upole: "Baba, ukizidiwa nami niko mbali, ungependa tukufanyie nini?" Wazee wengi wamelibeba jambo hilo moyoni muda mrefu, wakinyamaza kwa kuwahurumia watoto. Akikataa kulizungumza, asisukumwe. Aulizwe siku nyingine.

Karatasi hiyo isichanganywe na wasia wa mali, ambao una masharti yake ya sheria, maandishi na mashahidi. Hapa askari wakumbuke jambo moja: Sheria ya Urithi ya Uganda humruhusu mwanajeshi aliye vitani kutoa wasia kwa njia nyepesi kuliko ya raia. Waliotunga sheria walitambua kwamba mtu aliye karibu na kifo asinyimwe nafasi ya kutoa neno lake. Mzee aliye kitandani naye anastahili nafasi hiyo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Askari apatapo likizo hubeba sukari, sabuni na blanketi kwa ajili ya wazazi wake, na hayo ni mema. Katika likizo ijayo na atenge jioni moja ya kukaa na mzee na kumsikiliza, na ndugu wengine wakiwapo wasikie kwa masikio yao. Kisha atakaporudi kambini, hata simu ikilia usiku yu zamuni, atajua la kujibu, na nduguze watajua la kutenda.