Kasha la beringi likilindwa, unga hubaki salama

Katika kata ya Tindiga, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, ambako wakulima hulima mahindi na mpunga, usalama wa unga hutegemea pia kifaa kisichotazamwa sana: kasha linaloshikilia beringi za shafti ya mashine ya kusaga.

Kasha hilo huzuia vumbi kuingia na grisi kuvuja. Sili yake ya mpira ikichakaa, vumbi la unga hukausha grisi, beringi hupata joto na kulika, na chembe za chuma zaweza kuingia katika chakula.

Inashauriwa kasha likae nje ya chumba cha kusagia, na itumike grisi maalumu ya mashine za chakula, kwa kiasi, kwani ikizidi nayo huongeza joto. Kasha likiunguza mkono, mashine izimwe mara moja.